Madeleine, mwanamke mweusi wa Louvre aliyekaa zaidi ya miaka 200 bila jina

Ndani ya makumbusho ya Louvre, mjini Paris, kuna picha ya mwanamke mweusi ameketi kwenye kiti, kitambaa cheupe kichwani, akimtazama kila anayepita mbele yake. Ilichorwa mwaka wa 1800. Kwa zaidi ya karne mbili, wageni walisoma jina la aliyeichora na mwaka ilipochorwa. Jina la mwanamke mwenyewe halikuwepo. Ni mwaka wa 2019 ndipo lilipoandikwa kwa mara ya kwanza pembeni ya picha: Madeleine.

Picha hiyo si kubwa. Ina urefu wa sentimita 81 na upana wa sentimita 65, nayo imechorwa kwa rangi za mafuta. Hakuna miti, hakuna nyumba, hakuna dirisha nyuma yake. Kuna ukuta mtupu wenye rangi nyepesi, na mbele ya ukuta huo kuna ngozi nyeusi inayong'aa kwa mwanga, ikionyesha kila mfupa wa bega na kila mshipa wa shingo.

Amevaa nguo nyeupe, na mkono wake mmoja umelala mapajani. Kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa ustadi, mikunjo juu ya mikunjo, namna ambavyo mama yeyote anayejua kujifunga kitambaa angesimama kuangalia. Sikioni ana hereni ya dhahabu. Juu ya kiti kumetandikwa kitambaa cha buluu, na kiunoni kunaonekana utepe mwekundu. Nguo imeshuka, na titi moja liko wazi. Macho yake yanamwelekea mtazamaji moja kwa moja. Hacheki, na wala haonyeshi woga.

Picha hiyo ilipoonyeshwa mbele ya watu mwaka wa 1800, iliitwa « Portrait d'une négresse ». Neno la mwisho la jina hilo halihitaji kutafsiriwa kwa msomaji wa Kongo.

Binti aliyeshika brashi

Aliyeichora alikuwa mwanamke pia. Marie-Guillemine Leroulx de La Ville alizaliwa Paris mwaka wa 1768. Alijifunza kuchora kwanza kwa Élisabeth Vigée Le Brun, mchoraji wa malkia Marie-Antoinette, kisha kwa Jacques-Louis David, ambaye wakati ule alikuwa mwalimu mwenye sifa kuliko wote katika Ufaransa.

Haikuwa njia rahisi kwa binti. Chuo cha kifalme cha wachoraji kilikubali wanawake wanne tu kwa wakati mmoja. Wanawake hawakuruhusiwa kuchora mwili wa mwanamume aliye uchi, na hilo ndilo lilikuwa somo la msingi kwa kila aliyetaka kuchora picha kubwa za historia. David alipowapokea wasichana katika karakana yake ndani ya Louvre, wakubwa wa utawala wa mfalme walilalamika.

Mapinduzi yaliyoanza mwaka wa 1789 yalibadili mambo. Mwaka wa 1791, maonyesho makubwa ya Paris, yaliyoitwa Salon, yalifunguliwa kwa wachoraji wote. Marie-Guillemine akaleta kazi zake. Mwaka wa 1793 aliolewa na Pierre-Vincent Benoist, mwanasheria aliyekuwa upande wa mfalme, na tangu hapo historia inamjua kama Marie-Guillemine Benoist.

Katika picha ya mwaka wa 1800 aliandika majina yake yote mawili, lile la baba yake na lile la bwana yake. Mwanamke aliyekuwa akipigania jina lake katika kazi ya wanaume hakukubali hata moja lipotee. Lakini aliyeketi mbele yake aliachwa bila hata moja.

Kutoka Guadeloupe hadi Paris

Madeleine alikuwa nani? Watafiti wa historia ya familia ya Benoist ndio walioufuata uzi huo. Bwana ya mchoraji alikuwa na ndugu aliyefanya kazi katika utawala wa jeshi la majini. Huyo, aliye shemeji ya mchoraji, alikuwa ameishi Guadeloupe, kisiwa cha Karibea kilichokuwa koloni la Ufaransa. Aliporudi Ufaransa, alikuja na mtumishi wa nyumbani. Huyo mtumishi ndiye Madeleine.

Guadeloupe ya wakati ule ilikuwa kisiwa cha mashamba ya miwa. Sukari yake ilitoka katika mikono ya watu waliotolewa Afrika kwa meli, na ya watoto wao waliozaliwa utumwani. Sheria iliyowaongoza, Code noir ya mwaka wa 1685, iliwahesabu kama mali inayoweza kuhamishwa, kurithiwa na kuuzwa. Mtumwa alipewa jina la ubatizo na mapadri au na bwana wake. Jina la familia hakuwa nalo.

Wakati picha ilipochorwa, Madeleine hakuwa mtumwa mbele ya sheria. Tarehe 4 Februari 1794, bunge la Mapinduzi mjini Paris lilipiga kura kufuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Sababu yake haikuwa huruma peke yake. Kule Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, watumwa walikuwa wameinuka kwa silaha tangu Agosti 1791, na wakubwa wa Ufaransa waliokuwa huko walikuwa wamekwisha kutangaza uhuru ili wasipoteze kisiwa mbele ya Uingereza na Uhispania. Paris ilitia sahihi kitu ambacho watumwa wenyewe walikuwa wamekwisha kukichukua.

Siku kumi na moja baada ya kura hiyo, tarehe 15 Februari 1794, bunge lile lile lilipitisha bendera ya buluu, nyeupe na nyekundu kuwa bendera ya taifa.

Wengi wanaoitazama picha ya Madeleine huziona rangi hizo tatu: kitambaa cha buluu kwenye kiti, nguo nyeupe, utepe mwekundu. Kwao, mchoraji alimketisha raia mpya ndani ya bendera ya Jamhuri. Na titi lililo wazi, kwa watu wa wakati ule, lilikuwa alama iliyojulikana: Uhuru na Jamhuri vilichorwa mara nyingi kama mwanamke mwenye kifua wazi.

Usomaji wa pili

Lakini kuna wanaosoma picha hiyo kwa njia nyingine, nao wana hoja nzito.

Wanasema: wanawake wa jamii ya Benoist walipotaka kuchorwa, walichagua nguo, walichagua mapambo, walilipa, na picha ikaenda kwao. Mwanamke wa heshima aliyekuja kuchorwa picha yake yenye jina lake hakuvuliwa nguo. Mtumishi aliyeletwa kutoka koloni hakuwa na nguvu hiyo. Kama shemeji ya bwana wa nyumba anakuomba uketi na ushushe nguo yako begani, na wewe unakula na kulala katika nyumba ile, jibu la hapana linapita wapi?

Kuna pia swali la soko. Katika miji ya makoloni, mwili wa mwanamke mtumwa ulitazamwa na kuguswa na mnunuzi kabla ya bei kukubaliwa. Mtazamaji wa mwaka wa 1800 aliyewahi kuishi Guadeloupe au Saint-Domingue alijua vizuri mwili mweusi ulioachwa wazi ulimaanisha nini kule.

Usomaji huo wa aina mbili haujashinda mmoja juu ya mwingine, na picha yenyewe inaubeba wote. Kifua ni cha mtu aliyeambiwa avue. Uso ni wa mtu asiyeinamisha macho. Mwanahistoria wa sanaa Anne Lafont, aliyeandika kitabu kizima juu ya picha hii mwaka wa 2019, anauliza nafasi ya mwanamke anayechorwa: picha hii ni kazi ya wanawake wawili waliokaa chumba kimoja kwa saa nyingi, mmoja akichora, mwingine akivumilia kukaa bila kutikisika.

Raia Belley alikuwa na jina

Mtu anaweza kusema kwamba nyakati zile hazikujua kuandika jina la mtu mweusi chini ya picha. Kuna mfano unaokataa hoja hiyo.

Mwaka wa 1797, miaka mitatu tu kabla ya picha ya Madeleine, mwanafunzi mwingine wa David, Anne-Louis Girodet, alichora mwanamume mweusi aliyesimama amevaa mavazi ya mbunge wa Ufaransa. Huyo alikuwa Jean-Baptiste Belley, mtumwa wa zamani aliyechaguliwa kuwakilisha Saint-Domingue bungeni Paris, na aliyekuwepo siku utumwa ulipofutwa. Picha yake ilijulikana kwa jina lake na kwa cheo chake cha uwakilishi.

Kwa hiyo karakana zilizotoka kwa mwalimu mmoja, katika mji mmoja na miaka ile ile, ziliweza kumtaja mweusi kwa jina. Belley alikuwa mwanamume na mbunge. Madeleine alikuwa mwanamke na mtumishi. Tofauti ilikuwa hapo.

Hata hivyo cheo hakikumwokoa Belley. Bonaparte alipogeuka dhidi ya Weusi wa makoloni, Belley alikamatwa, akafungwa katika kisiwa cha Belle-Île, magharibi mwa Ufaransa, akafia huko mwaka wa 1805.

Uhuru wa miaka minane

Picha ya Madeleine ilichorwa wakati mlango ulikuwa unaanza kufungwa. Bonaparte alikuwa ametwaa madaraka Novemba 1799. Wenye mashamba waliokimbia makoloni walikuwa Paris wakimshinikiza arudishe mambo ya zamani. Tarehe 20 Mei 1802, sheria mpya iliruhusu utumwa uendelee katika makoloni, na wiki chache baadaye, tarehe 2 Julai, amri nyingine ikawakataza Weusi kuingia Ufaransa bila ruhusa maalum.

Kule Guadeloupe, nyumbani kwa Madeleine, habari hiyo ilifika pamoja na askari. Jenerali Richepance alitumwa kuwanyang'anya silaha askari weusi wa kisiwa. Ofisa mmoja wao, Louis Delgrès, alikataa. Tarehe 28 Mei 1802, akiwa amezungukwa huko Matouba, aliwasha baruti na kujilipua pamoja na wenzake wengi ili wasirudi utumwani. Wakaaji wa Guadeloupe waliokuwa raia kwa miaka minane wakarudishwa mashambani kama mali.

Waliishi hivyo hadi tarehe 27 Aprili 1848, Ufaransa ilipofuta utumwa kwa mara ya pili na ya mwisho. Mtoto aliyezaliwa Guadeloupe mwaka ambao Madeleine aliketi mbele ya Benoist alikuwa na miaka 48 siku hiyo.

Wote wawili walinyamazishwa

Mchoraji aliendelea na kazi kwa muda. Mwaka wa 1804 alipewa medali ya dhahabu, na serikali ya Napoleon ikamwagiza picha rasmi. Alichora watu wa familia ya mtawala aliyekuwa amerudisha utumwa.

Kisha naye alifungiwa mlango. Mwaka wa 1814 ufalme uliporudi, bwana yake alipata cheo kikubwa katika Baraza la Serikali. Haikuonekana vizuri kwamba mke wa mtu wa namna hiyo aonyeshe picha mbele ya watu. Aliombwa aache, akaacha, ingawa alimwandikia bwana yake barua inayoonyesha jinsi jambo hilo lilivyomuumiza. Alikufa Paris mwaka wa 1826.

Mwaka wa 1818, mfalme Louis XVIII alikuwa amenunua picha ya Madeleine kwa ajili ya makusanyo ya taifa. Ndivyo mwanamke aliyetoka Guadeloupe alivyoingia katika nyumba ya sanaa ya wafalme, wakati watu wa kisiwa chake wangali wanauzwa kwa sheria ya mfalme huyo huyo.

Jina linarudi

Picha ilikaa ukutani. Kadiri miaka ilivyopita, neno « négresse » lilianza kuwachoma watu, na jina likabadilishwa kuwa « Portrait d'une femme noire », yaani picha ya mwanamke mweusi. Tusi liliondoka, lakini mtu bado hakuwepo. Hakuna anayeita picha nyingine za Louvre « Picha ya mwanamume mweupe ».

Juni 2018, watu wengi wasiojua habari za sanaa walimwona kwa mara ya kwanza. Wanamuziki wa Marekani Beyoncé na Jay-Z walipiga video yao ndani ya Louvre, wakapita mbele ya Mona Lisa na sanamu kubwa za Ugiriki, na kamera yao ikasimama pia kwa Madeleine, peke yake, bila mchezaji mbele yake. Mwaka huo Louvre ilipokea wageni zaidi ya milioni 10.

Mwaka uliofuata, makumbusho ya Orsay, pale Paris, yaliandaa maonyesho juu ya watu weusi waliochorwa na wachoraji wa Ufaransa, kuanzia Géricault hadi Matisse. Yalidumu kuanzia Machi hadi Julai 2019. Kazi hiyo ilikuwa imeanzia New York, kwa utafiti wa Denise Murrell, Mmarekani mweusi aliyechoka kusikia walimu wa sanaa wakieleza kila kitu katika picha isipokuwa mtu mweusi aliyemo.

Mfano wake mkubwa ulikuwa Olympia, picha maarufu ya Édouard Manet ya mwaka wa 1863. Kwa zaidi ya miaka mia, vitabu vilizungumzia mwanamke mweupe aliyelala kitandani, wakampita mwanamke mweusi anayemletea maua. Lakini Manet mwenyewe alikuwa ameandika jina na anwani yake katika daftari: Laure, wa mtaa wa Vintimille, Paris. Habari ilikuwepo. Walioisoma ndio walikosekana.

Kwa ajili ya maonyesho hayo, picha zilipewa majina mapya kufuatana na watu waliochorwa. Olympia ikawa Laure. Na picha ya Benoist ikawa « Portrait de Madeleine ». Majina ya zamani hayakufichwa, ili mgeni aone yametoka wapi na yamepita wapi. Septemba 2019, maonyesho yalivuka bahari hadi Pointe-à-Pitre, Guadeloupe, katika Mémorial ACTe, jumba la kumbukumbu ya utumwa lililojengwa mahali palipokuwa na kiwanda cha sukari. Watoto wa kisiwa walilisikia jina la Madeleine nyumbani kwao.

Je, jina linatosha?

Si wote walioshangilia. Kuna waliosema kwamba kubadilisha jina la kazi ya zamani ni kupaka rangi nyeupe juu ya historia, kwamba ni afadhali neno baya libaki ili watu wajue jinsi mababu walivyofikiri. Wengine wakajibu kwamba « Portrait d'une négresse » halikuwa limeandikwa juu ya picha. Lilikuwa jina la kwenye karatasi ya maonyesho, na karatasi huandikwa upya kila mara.

Wako pia walioona kwamba Madeleine lenyewe ni jina la upande mmoja. Ni jina la Kikristo, la namna ile ile waliyopewa watumwa wa visiwa na wale waliowamiliki. Jina la familia halifuati. Guadeloupe ilipopata uhuru mwaka wa 1848, makarani walilazimika kufungua vitabu na kuwapa watu majina ya familia mmoja mmoja, makumi ya maelfu, mengine wakiyatunga pale pale mezani. Majina hayo yanabebwa na wajukuu wao hata leo. Madeleine alichorwa miaka 48 kabla ya vitabu hivyo kufunguliwa.

Hata hivyo jina moja limebadilisha namna ya kuuliza. Zamani maswali yalihusu ngozi: mchoraji alichanganya rangi gani, alitoaje mwanga juu ya weusi, ilikuwa vigumu kiasi gani. Leo anayesimama mbele ya picha anauliza juu ya mtu. Alifika Paris katika meli gani? Alilipwa kwa kukaa kwenye kile kiti? Alipoiona picha imekamilika, alisema nini? Habari za mwaka wa 1802 zilipotoka kwao Guadeloupe, nani alimweleza?

Haya ni maswali ambayo mtu huuliza juu ya mama wa mtu, juu ya dada wa mtu. Kwa zaidi ya miaka 200 hayakuulizwa kwa sauti kubwa, kwa sababu karatasi ya pembeni haikuwa na nafasi ya kuyaweka. Madeleine yuko pale pale alipoketishwa, kitambaa cheupe kichwani, macho mbele. Anayeingia Louvre sasa anaweza kumwita.